Likizo ya Ziwa

Neno likizo limetoka katika kulikiza, na kulikiza kulikuwa na kazi mbili vinywani mwa wazee. Kazi ya kwanza ilikuwa kumpa mtumishi au mwanafunzi ruhusa ya kwenda zake kwa muda. Kazi ya pili ilikuwa kumwachisha mtoto ziwa la mama. Siku hizi maana ya kwanza ndiyo inayotawala katika barua za ofisi na kalenda za shule, na maana ya pili i karibu kusahauliwa. Walakini mzazi achukuaye watoto wake, akawatoa nyumbani na kuwapeleka mahali wasipopajua, hufanya kazi zote mbili kwa safari moja. Huwapa ruhusa, na papo hapo huwaachisha kitu walichokuwa wakikinyonya. Ni kitu gani hicho, aghalabu mzazi mwenyewe hakijui mpaka safari imekwisha.

Baba mmoja, mtumishi wa serikali katika Dar es Salaam na mzaliwa wa Ujiji, alifundishwa somo hili mwezi wa Juni, mwaka 2024. Mtumishi wa serikali katika Tanzania hupata nauli ya likizo, yeye na jamaa yake, mara moja katika miaka miwili. Nauli ya baba huyu ilikuwa imegeuka mabati mara ya kwanza, saruji mara ya pili, na ada ya shule mara ya tatu. Kwa hiyo binti yake alitimiza miaka minane, na mwanawe miaka mitano, nao wakimjua bibi yao kwa sauti ya simu tu. Binti aliwahi kupelekwa Ujiji angali mchanga wa mgongoni, lakini safari ya mgongoni haihesabiwi na mwenye kubebwa. Mkewe ndiye aliyekata shauri mwaka ule. "Baba watoto," alisema, "nyumba hii haitakwisha kujengwa, lakini mama yako atakwisha." Baba hakuwa na jibu, na tiketi za gari la moshi zikanunuliwa.

Jambo moja alilojivunia baba huyu lilikuwa kuwasomea watoto wake kila usiku kabla ya kulala. Yeye mwenyewe alikua bila ya kitabu cha picha. Katika shule aliyosoma, kitabu kimoja kiliwatosha watoto watano wa dawati moja, na aliyekaa pembeni aliona nusu ya picha na kuikisia nusu iliyobaki. Alipopata mshahara aliapa ya kuwa watoto wake hawatakisia. Alinunua vitabu kila alipopata nafasi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vipya na vilivyokwisha kushikwa na mikono mingine. Vya Kiingereza alivisoma kwa kufasiri papo kwa papo, huku kidole chake kikipita chini ya maneno ambayo watoto hawakuyajua. Kwa njia hii watoto waliamini ya kuwa kila kitu duniani kimo kitabuni, na kila kilichomo kitabuni hutokea kinywani mwa baba.

Katika vitabu hivyo mlikuwamo vichache vilivyoeleza habari za likizo. Jamaa hufunga sanduku, hupanda gari, hufika ufukoni. Watoto hupewa ndoo ndogo na koleo, hujenga ngome ya mchanga, hula kitu kitamu na baridi, nao hurudi kwao jua linapotua, wamelala garini. Katika kurasa hizo hamna shangazi wa kuamkiwa, hamna msiba wa kuhaniwa, hamna gunia la unga wa kupelekewa mtu, wala mpaka wa kiwanja ulioingiliwa na jirani. Likizo ya kitabuni huanza kwa kuwakimbia watu. Likizo ya watu wengi wa Afrika Mashariki ni kinyume chake: huanza kwa kuwarudia watu, na mara nyingi anayerudi huwa amechoka kuliko alivyokwenda. Mtoto aliyesoma ile na akapelekwa katika hii hana budi kuuliza maswali.

Si haki kuvilaumu vitabu kwa jambo hili. Kitabu cha picha kwa watoto kina historia ndefu na heshima yake. Comenius alipotoa kitabu chake chenye picha huko Nuremberg, mwaka 1658, alikusudia mtoto aone kitu kabla ya kukariri jina lake, na shabaha hiyo ni njema mpaka leo. Kiswahili nacho kilipata bahati mapema katika uwanja huu, ingawa ilitoka mbali: mwaka 1971 Muriel Feelings na mchoraji Tom Feelings walitoa Marekani kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi, na kitabu kile kikapata sifa ya Caldecott mwaka uliofuata. Tanzania yenyewe ilianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, na tangu hapo watoto wengi wamesoma hadithi zenye nyumba za bati, minazi, na mama waliovaa khanga. Kazi imekwisha kuanzwa. Hata hivyo rafu ya baba wa Dar es Salaam ilikuwa na dubu wengi kuliko mbuzi, na theluji nyingi kuliko masika.

Kitabu kimoja kilikuwa kipenzi cha binti. Kilitungwa na kuchorwa na Patrick McDonnell, nacho kilitoka mwaka 2011. Ni hadithi ya utoto wa Jane Goodall. Msichana mdogo wa Uingereza ana sokwe wa kitambaa aitwaye Jubilee. Hupanda mti pamoja naye, huwatazama kuku, huota ndoto ya kuishi na wanyama wa Afrika, na mwisho huamka ndani ya ndoto yake. Mahali alipoamka ni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Baba alipofikia ukurasa ule kila mara alisema kwa fahari, "Na hapa ndipo kwetu." Usiku mmoja binti aliutazama sana, kisha akauliza, "Mbona Bibi hayumo?" Baba alicheka akasema ya kuwa Bibi yuko Ujiji, na Ujiji ni mbali kidogo na Gombe. Jibu lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu la swali lile.

Kwa kuwa vitabu havikuwa na Ujiji, baba aliamua kuichora mwenyewe kwa maneno. Majuma matatu kabla ya safari aliwasimulia watoto habari za taa za ziwani. Aliwaeleza jinsi wavuvi wa dagaa watokavyo jioni, jinsi kila chombo kinavyowasha karabai zake, na jinsi dagaa wanavyopanda kuufuata mwanga mpaka wanaingia wavuni. Aliwaambia ya kuwa mtu akisimama ufukoni usiku wa giza huona mji mwingine umesimama juu ya maji, wenye taa nyingi kuliko Kigoma yenyewe. Alichagua hata siku za kufika, kwa kuwa alikumbuka ya kuwa wavuvi hupumzika mbalamwezi inapong'aa, wakati taa zao zinaposhindwa na mwezi. Watafika mwezi ukiwa mwandamo, giza likiwa limekamilika. Mwana alianza kuhesabu siku kwa vidole, na vidole vilipokwisha alianza upya.

Safari ya gari la moshi iliwapa kila walichoahidiwa, na zaidi. Njia ile ya reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, nayo yapita kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili. Watoto waliona Morogoro kwa mwanga, Dodoma kwa giza, na Tabora kwa usingizi, ila walipoamshwa ili waonje asali iliyouzwa dirishani. Walivuka Malagarasi, wakapita Uvinza penye chumvi. Baba alikuwa na neno la kusema katika kila kituo. Mkewe, aliyezaliwa pwani na asiyeijua nchi ile, alimwacha aseme mpaka kilima cha mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Umewasomea safari yote mpaka mwisho. Wakifika wataona nini wao wenyewe?"

Kigoma walishuka asubuhi, mbele ya jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani. Bandarini baba alipata hadithi nyingine, tena hadithi ambayo mtungaji wa vitabu vya watoto angeionea wivu. Mwaka 1913 meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha isitekwe na adui. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua. Na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilibeba watu na mizigo ya ziwa kwa miaka karibu tisini na mmoja, mpaka iliposimama mwaka 2018. Mwana alisikiliza yote, akauliza swali moja: "Sasa inafanya nini?" Baba akasema, "Inangoja kutengenezwa." Mwana akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa ugonjwa wa jamaa yake.

Ujiji ni kilomita nane hivi kutoka Kigoma, na miji hii miwili ni manispaa moja. Nyumba ya bibi ilikuwa katika mtaa wa miembe. Watoto walipiga magoti nusu, kama walivyofundishwa njiani, wakasema, "Shikamoo Bibi." Bibi aliitikia marahaba ndefu, akamvuta mwana kifuani na kumwita mume wake aliyechelewa kurudi safari, kisha akamgeukia binti na kumwuliza kwa uso mkavu, "Nawe, mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya?" Binti alishangaa, akamtazama mama yake, hapana kitabu kilichomwambia ya kuwa bibi hutania. Mwana aliupokea uume wake bila ya maneno, akaketi mapajani pa mkewe mpaka chakula kilipoiva.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Baba alikula sana, na alipokuwa akinawa aligundua kitu alichokuwa akikitazama tangu alipoingia bila ya kukiona. Mama yake aliishi kwa kununua dagaa wabichi ufukoni, kuwaanika na kuwauza wakavu. Maisha yake yote baba huyu hakupata kuingia ua ule asiikute harufu ya dagaa. Ada ya shule yake ilitoka katika harufu ile. Siku hiyo ua ulinukia vumbi na majani ya miembe. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu, na juu ya moja alilala paka.

Hakuuliza, kwa kuwa jua lilikuwa likitua na watoto walikwisha kuvaa viatu. Walitelemka ufukoni, wote watano. Milima ya Kongo ng'ambo ilionekana kama moshi, kisha haikuonekana. Giza liliingia. Watoto walisimama wakitazama maji, na maji hayakuwa na kitu. Waliendelea kutazama. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na usiku ule urefu wote na kina chote kilikuwa giza moja, toka miguuni mwao mpaka nyota. Mwana alivumilia kwa muda uliompasa mtoto wa miaka mitano, kisha akasema kwa sauti ya kulia, "Baba, umesema uongo."

Baba alikuwa ameisikia habari ile redioni kwao Dar es Salaam, lakini sikio la mtu aliyehama husikia habari za kwao kama habari za nchi ya watu. Nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha kwa sababu samaki wamepungua. Katika Tanzania uvuvi ulifungwa toka Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024. Sababu za upungufu si moja. Wavuvi wameongezeka na nyavu zimeongezeka. Na zaidi ya hayo wataalamu walionyesha mwaka 2003 ya kuwa maji ya juu yamepata joto, na maji yenye joto hukaa juu ya maji ya baridi kama kifuniko juu ya chungu. Chakula cha ziwa kiko chini. Upepo wa kiangazi, uvumao toka kusini kati ya Mei na Septemba, ndio uyatikisao maji na kukipandisha. Kifuniko kikizidi uzito, upepo hushindwa, na njaa ya samaki wadogo hufika mpaka kwa samaki wakubwa, na toka huko hufika chungu cha mtu. Baba angaliweza kuyaeleza haya yote kwa watoto, kwa kuwa alikuwa msomaji. Usiku ule hayakumjia.

Aliyesema ni bibi. Alimnyanyua mwana, ingawa mgongo wake haukupenda, akamwambia, "Baba yako hakusema uongo, mume wangu. Taa zipo nyumbani kwa wenyewe. Ziwa limepewa likizo, kama wewe."

"Likizo mpaka lini?" mwana aliuliza.

"Mpaka Agosti."

Mwana alifikiri, akaona likizo ya ziwa ni ndefu kuliko yake, na kwa sababu hiyo akaacha kulia, akaanza kulionea wivu.

Watoto walipolala, baba aliketi na mama yake kibarazani. "Mama," alisema, "mbona hukuniambia kwamba kazi imesimama?" Mama yake alikuwa akichambua maharage ya kesho. "Ningekuambia nini, mwanangu? Serikali imesema, na ziwa limenyamaza. Nami nisemeje?" Akaongeza baada ya kimya, "Tena si jambo baya. Anayemwachisha mtoto ziwa hamchukii. Lakini mtoto hulia, nasi tunalia kidogo." Baba alikumbuka mfuko wa vitabu alioubeba toka Dar es Salaam, uliomtoa jasho katika kila kituo, akapima moyoni ungekuwa na uzito gani kama ungekuwa wa unga na mchele. Alikuwa ameandaa kila ukurasa wa safari ile, isipokuwa ule wa mama yake.

Walikaa Ujiji mpaka Idi ya kuchinja. Katika siku hizo watoto walitaka kwenda Gombe, na baba aliulizia Kibirizi, kwenye mashua za abiria. Aliambiwa ya kuwa watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Amri hiyo ina busara. Sokwe ana nguvu za kumdhuru mtoto, na binadamu ana maradhi ya kumwua sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa Gombe, wakafa baadhi yao na wengine wakalemaa. Hata hivyo kuna jambo la kufikirisha hapa. Kitabu cha watoto kiliwaongoza watoto mpaka mlango wa msitu ambao watoto hawauingii. Ndoto ya mtoto wa Uingereza ilifika. Ndoto ya mtoto wa Ujiji iliambiwa ikue kwanza.

Badala yake walikwenda kwenye ukumbusho wa Livingstone, ambao ni mwendo wa miguu kutoka nyumba ya bibi. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe ule haupo. Lipo jiwe la ukumbusho, na katika nyumba ya makumbusho zimo sanamu mbili za mabwana wale wakisalimiana. Tukio hili ni katika picha zilizojulikana mno duniani, tangu Stanley alipoichapisha katika kitabu chake mwaka 1872: Wazungu wawili wamesimama katikati na kofia zao, na umati umewazunguka. Binti alizitazama sanamu, kisha akauliza swali lake lile lile kwa sura nyingine: "Na wale wengine waliosimama, wanaitwa nani?" Safari hii baba hakucheka. Alimweleza habari za Susi, aliyetoka mbio kumlaki Stanley na kurudi mbio kumpasha bwana wake habari. Na habari za Chuma, mwenziwe. Na jinsi Livingstone alipokufa mwaka 1873 wawili hawa na wenzao walivyomchukua maiti kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Binti akasema, "Basi hao ndio wangechorwa katikati."

Jambo kubwa la likizo ile lilitokea usiku wa tatu kabla ya kuondoka, nalo lilikuwa dogo kwa kutazamwa. Baba alikuwa amechelewa msibani. Mwana, akitaka hadithi yake, alichukua kitabu cha Jane akampelekea bibi. Bibi alisoma chuoni utotoni, akahitimu. Herufi za Kiarabu azijua vema. Za Kizungu alifundishwa katika elimu ya watu wazima kiasi cha kuandika jina lake, na Kiingereza hakijui kabisa. Hakukataa. Alimketisha mume wake, akakishika kitabu kama alivyozoea kushika kitabu, akakifungua toka kulia. Ukurasa wa mwisho ukawa wa kwanza.

Baba alipoingia alisimama mlangoni bila ya kubisha hodi. Bibi alikuwa akisimulia habari za mama mmoja kijana aliyekaa Gombe pamoja na sokwe. Alisema ya kuwa wavuvi waliopiga kambi ufukoni kule walimjua, na mama yake mzazi walimjua zaidi, kwa kuwa ndiye aliyewapa dawa walipougua. Haya hayakuwamo katika kitabu, lakini yalikuwa kweli: Jane Goodall alipofika Gombe, Julai 14, 1960, alifuatana na mama yake, na mama yule alifungua mahali pa kuwatibu wavuvi. Bibi aliyasikia utotoni kwa wajomba waliovua upande ule. Kisha akageuza ukurasa. Mama kijana alikumbuka kwao. Alikwea mti aone kama ni mbali. Alipokuwa akirudi alizidi kuwa mdogo, kama mtu anavyozidi kuwa mdogo anapokaribia nyumba ya mama yake. Akakuta kuku wa kwao wangali hai. Alipofika alikuwa mtoto kabisa, na katika sokwe wote aliweza kumchukua mmoja tu, tena mdogo, akalala naye kitandani ili asimsahau.

Mwana alikuwa kimya, kinywa wazi. Binti, ambaye alikijua kitabu kwa moyo, hakuweza kuvumilia. "Bibi," alisema, "umeanzia mwisho!"

"Mwisho wa nani?" bibi aliuliza. "Aliyetoka kule, hapa kwake ni mwisho. Mimi nimezaliwa hapa. Kwangu hapa ni mwanzo."

Baba alitoka tena nje, akaketi kibarazani katika giza. Miaka mitano alikuwa amekisoma kitabu kile kwa namna moja, akidhani kwamba kusoma ni kujua maneno. Alisahau ya kuwa kitabu cha picha hakikufanywa kwa ajili ya wajuao maneno. Kilifanywa kwa ajili ya asiyejua kusoma bado, na mbele yake mtoto wa miaka mitano na mwanamke wa miaka sabini wako sawa. Yeye aliyejua kusoma ndiye aliyekuwa mgeni kati yao. Na swali la binti lilikuwa limekwisha kujibiwa. Bibi hakuwamo katika kitabu. Sasa amo, kwa kuwa amekisimulia.

Kesho yake binti aliomba daftari. Alichora nyumba, miembe, na paka juu ya chanja. Alimchora bibi mkubwa kuliko nyumba. Ukurasa wa mwisho aliupaka penseli kila mahali, akarudia mpaka karatasi ikang'aa kwa weusi na ncha ikavunjika mara mbili. Mama yake alimwuliza ni nini. "Ziwa," alisema binti. "Liko likizo."

Walirudi Dar es Salaam kwa njia ile ile, na njiani baba hakusema sana. Mwanzo wa Julai alianza kupeleka Ujiji fedha kidogo kila juma, bila ya kungoja kuombwa, na kila Jumapili alimpa mwana simu azungumze na mkewe. Agosti 15 ilipofika, watoto walikuwa wamehesabu siku zote. Jioni ile bibi alipigiwa simu, na mwana akauliza kabla ya salamu, "Ziwa limerudi?"

Bibi alisema limerudi, na wavuvi wamekwisha kutia nyavu melini mwao tangu asubuhi, lakini taa si nyingi. Mwezi ulikuwa karibu kupevuka, na mbele ya mwezi mpevu karabai si kitu. "Ngoja giza, mume wangu," alisema.

Walingoja. Mwezi ulipevuka Agosti 19, ukapungua, ukaanza kuchelewa kutoka. Usiku mmoja kabla ya mwisho wa mwezi ule simu ililia yenyewe, jambo ambalo si kawaida, kwa kuwa bibi hapendi kupoteza vocha. Hakutaka kuzungumza na baba. Alitaka watoto. Aliwaambia ya kuwa amesimama ufukoni, na mji uko juu ya maji. Mwana akamwuliza taa ni ngapi. Bibi akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila ya kuharakisha, na binti akalichukua daftari, akafungua ukurasa mweusi, akatwaa kifutio, na kwa kila namba iliyotoka Ujiji akafuta tone moja la giza.